HOMA YA UBONGO NA KUSOMA USO WA MWENZAKO



Katika toleo lililopita somo letu la afya lilihusu malaria. Safari hii tunakuja na maradhi ambayo wengi wenu huenda hamjapata kuyasikia kwa jina lake, nayo ni homa ya ubongo, yaani kuvimba kwa ubongo wenyewe. Ni maradhi yenye mambo mengi na hatuwezi kuyamaliza katika kurasa hizi. Tutashika jambo moja tu: namna yanavyoweza kumwondolea mtu uwezo wa kutambua kuwa mwenziwe amekasirika, ameogopa au ana huzuni. Tumelichagua jambo hili kwa sababu limetukuta hapa hapa madrasani, na sisi walimu tulilikosea.

Kwanza tuelewane tunaposema kusoma uso tuna maana gani. Mtoto wa Kiswahili hufundishwa kwa jicho kabla hajafundishwa kwa ulimi. Wageni wamekaa, sahani ya visheti imewekwa katikati, mtoto ananyoosha mkono mara ya tatu. Mama hasemi neno. Anamkazia jicho tu, na mkono unarudi wenyewe. Wageni hawakuona kitu, lakini mtoto amekwisha kuambiwa, na anajua pia kuwa maneno yaliyobaki atayasikia wageni wakiondoka. Tuna msamiati mrefu wa uso: kununa, kukunja ndita, kubetua midomo, kukodoa macho, kuinamisha kichwa kwa haya. Mtoto akifika miaka sita au saba huwa ameshayajua yote hayo, wala hakuna aliyemkalisha kitako akamsomesha. Ndiyo maana anapotokea asiyeyajua, upesi tunasema hana adabu.

Yaliyotufika

Mwanafunzi wetu huyo hatutamtaja jina. Alikuwa na miaka 13, mtaratibu, mwepesi wa kuitika. Akapata homa na kichwa kikamuuma sana. Siku ya tatu akawa anasema ovyo, akimwita dada yake kwa jina la mtu mwingine, na akilalamika kuwa ananusa harufu ya kitu kinachoungua wakati jiko lilikuwa limezimwa. Usiku wake akashikwa na degedege. Majirani walikuwa na maoni yao, nanyi mnayajua, lakini baba yake alimbeba akampeleka hospitali. Huko alitolewa maji ya uti wa mgongo yakapimwa, akapigwa picha ya ubongo, akawekewa dawa ya mshipani kwa siku 21. Alipona, alhamdulillahi. Baada ya miezi miwili alirudi darasani, amekonda, anasahau masomo mapya, lakini anatembea na anaongea kama zamani.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Mwenziwe alifiwa na bibi yake akawa analia ukumbini, yeye akamwendea akaanza kumsimulia mambo ya mpira huku akicheka. Mwalimu akimkunjia uso, yeye anaendelea kuzungumza. Mvulana mkubwa alimfokea akiwa tayari kumpiga, naye akabaki pale pale akimtazama, kama anayesubiri kuonyeshwa njia. Tukamwonya. Tukamsimamisha mbele ya wenzake. Mwisho tukaandika barua kwa mzazi kuwa kijana amerudi na jeuri, na kama hatabadilika hatutaweza kukaa naye.

Mama yake akaja na ile barua mkononi. Alisema: "Maalim, mimi nyumbani nikilia huniuliza nacheka nini."

Hatukuwa na jibu. Tulifuatana naye siku ya kliniki kumwona daktari, na mengi ya somo hili yalianzia kwenye maelezo yake siku ile.

Homa ya ubongo ni nini?

Ifahamike kuwa homa ya ubongo si homa ya uti wa mgongo, ingawa watu huzichanganya na mara nyingine mgonjwa mmoja hupatwa na zote mbili. Homa ya uti wa mgongo ni kuvimba kwa ngozi nyembamba zinazofunika ubongo na uti wa mgongo. Homa ya ubongo, ambayo madaktari huiita ensefalaitisi, huingia kwenye ubongo wenyewe. Wala si ile malaria ambayo watu husema "imempanda kichwani". Hiyo huletwa na vijidudu vya malaria vinavyoziba mishipa myembamba ya damu ndani ya ubongo. Dalili zake hufanana, na kwetu ambako malaria ni jirani wa kila nyumba, kinachoweza kuzitenganisha ni vipimo vya hospitali tu.

Mara nyingi homa ya ubongo huletwa na virusi. Surua ni mojawapo: kiasi cha mgonjwa 1 katika kila 1,000 wa surua huvimba ubongo, na hiyo ni sababu tosha ya kumpeleka mtoto kwenye chanjo. Kichaa cha mbwa nacho ni homa ya ubongo, tena ile ambayo dalili zake zikishatokea karibu hakuna anayepona. Kuna pia virusi vinavyobebwa na mbu, kama vile vilivyogunduliwa mwaka 1937 katika wilaya ya West Nile huko Uganda na kupewa jina la wilaya hiyo.

Lakini kwa somo letu, kirusi kinachotuhusu zaidi ni herpesi ya aina ya kwanza. Huyu ndiye anayeleta vile vilengelenge vya mdomoni. Zaidi ya nusu ya watu wa dunia walio chini ya miaka 50 wanaye, wengi walimpata utotoni, na hukaa kimya kwenye mishipa ya fahamu ya uso maisha yao yote bila ya kuwadhuru zaidi ya hapo. Kwa hiyo mwenye kilengelenge mdomoni asishtuke. Ni watu 2 hadi 4 tu katika kila milioni moja kwa mwaka ambao kirusi hiki huingia ubongoni mwao. Kikiingia, huwa ni hatari kubwa. Zamani, katika kila wagonjwa 10 wasiotibiwa, kama 7 walikufa. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1984 huko Uswidi na mwaka 1986 huko Marekani yalionyesha kuwa dawa iitwayo asiklovia inaokoa wengi kuliko dawa iliyotumika kabla yake: waliokufa walikuwa 19 katika kila 100 kwa Uswidi, na 28 katika kila 100 kwa Marekani. Inapoanza kutolewa mapema matokeo huwa bora. Siku mbili za kusubiri nyumbani zina gharama yake.

Lozi mbili ndani ya kichwa

Sasa kwa nini maradhi haya yaguse kusoma uso, na si kutembea au kuongea?

Kirusi cha herpesi hakiharibu ubongo wote sawasawa. Hupenda zaidi sehemu zilizo ndani ya panja, usawa wa masikio, na upande wa chini wa ubongo wa mbele. Ndani ya panja la kulia na la kushoto kuna kifundo kidogo cha seli ambacho wataalamu wamekiita amigdala, neno la Kigiriki lenye maana ya lozi, kwa sababu ya umbo lake. Nyinyi mnaosoma Kiarabu mtafurahi kujua kuwa vitabu vya tiba vya Kiarabu navyo hukiita kwa jina la lauz, na lozi yetu ya Kiswahili imetoka huko huko. Nyuma yake kidogo kuna kiungo kinachohifadhi kumbukumbu mpya. Ndiyo maana mgonjwa wa aina hii mara nyingi hupoteza vyote viwili kwa pamoja: anasahau mambo ya jana, na haelewi nyuso za leo.

Unapomtazama mtu, habari za macho yako hupelekwa kisogoni, na kutoka hapo huja mbele kwenye panja. Huko hupimwa mambo mawili yaliyo tofauti. La kwanza: huyu ni nani? La pili: huyu yukoje sasa hivi? Mtu anaweza kupoteza moja akabaki na jingine. Kijana wetu hakumsahau hata mmoja wetu kwa sura. Alijua kabisa kuwa huyu ni mwalimu fulani. Asichokijua ni kuwa mwalimu huyo uvumilivu umemwishia. Kwa mtazamaji hali hiyo ni mbaya kuliko kutomjua kabisa, kwa sababu tunajiambia: mbona ananijua!

Mwaka 1998 Broks na wenzake wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wachache waliopona homa ya ubongo. Walionyeshwa picha za nyuso zenye furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao na karaha, wakatakiwa waseme kila mmoja ana hali gani. Wale ambao lozi zao ziliharibika pande zote mbili walipata taabu hasa kwenye hofu. Uso wa mtu aliyeogopa, ambao sisi tungeutambua kwa kupepesa jicho, kwao ulikuwa fumbo.

Kwa nini hofu? Sehemu ya jibu ilikuja mwaka 2005, kutoka kwa mwanamke mmoja wa Marekani anayejulikana katika vitabu kwa herufi S.M. Yeye hakuugua homa ya ubongo, bali ana maradhi ya nadra ya kuzaliwa nayo yaliyoziharibu lozi zake mbili, lakini jeraha lake linafanana na la wagonjwa wetu. Ralph Adolphs na wenzake walifuatilia macho yake yanatua wapi anapotazama picha. Wakakuta kuwa hayatui kwenye macho ya mtu. Na hofu, ndugu wanafunzi, hukaa machoni zaidi ya mahali pengine: kope hufunguka na weupe wa jicho huonekana. Walipomwambia "tazama macho", alianza kuitambua hofu kama watu wengine. Ila ilibidi aambiwe kila mara. Akiachwa mwenyewe alirudi kutazama kwingine.

Mnaweza kujaribu wenyewe. Mmoja afunike pua na mdomo kwa mkono, afikirie jambo la kutisha, kisha la kuchekesha, na mwenziwe abashiri. Dada zetu wanaovaa nikabu hawahitaji zoezi hili. Wao husomana kwa macho na sauti kila siku, na wanajua habari nyingi kiasi gani zinapita katika tundu lile dogo.

Mgonjwa wa herufi B

Kwa maoni yetu kisa kinachofundisha kuliko vyote ni cha mwanamume mwingine wa Marekani, ambaye wataalamu walimwita B. Huyu aliugua homa ya ubongo ya herpesi hasa. Iliharibu lozi zake zote mbili, sehemu za kumbukumbu, na pia insula, ambayo ni sehemu iliyojificha ndani ya mkunjo wa ubongo na inayohusika sana na kinyaa. Matokeo yake yalichapishwa na Adolphs, Tranel na Damasio mwaka 2003.

Alipoonyeshwa picha za nyuso zilizotulia, B alitambua furaha tu. Huzuni, hasira, hofu, vyote vilimpita. Tungeishia hapo tungesema mtu huyu amekatikiwa kabisa na wenziwe. Lakini watafiti hawakuishia hapo. Walimwonyesha uso ulio katika mwendo, unaobadilika kutoka hali moja kwenda nyingine, na walimsimulia hadithi za watu na matendo yao. Hapo akaweza! Yule yule aliyeshindwa na picha ya mtu mwenye huzuni alitambua huzuni alipoiona ikitendeka, au aliposimuliwa kilichompata mtu. Maana yake ni kuwa ubongo una njia zaidi ya moja ya kufika mahali hapo. Uso uliotulia hupita njia moja, na tendo hupita njia nyingine, na maradhi yanaweza kuifunga moja yakaiacha nyingine wazi.

Jambo moja tu halikurudi hata kwa mwendo, nalo ni kinyaa. Mtafiti alikula chakula mbele yake, akakitema huku akitoa sauti ya kutapika na uso ameukunja, na B akashikilia kuwa chakula kile ni kitamu. Mnaweza kucheka, nasi tulicheka tulipokisoma. Kisha mtu anafikiri namna atakavyoishi na familia yake, na kicheko kinakwisha.

Ubongo unaposhambuliwa na askari wake

Si kila homa ya ubongo huletwa na kirusi. Mwaka 2007 daktari Josep Dalmau na wenzake, wakati huo akiwa Philadelphia, walieleza aina ambayo kinga ya mwili yenyewe hutengeneza kingamwili zinazoshambulia vipokezi fulani kwenye seli za ubongo. Huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana, na baadhi yao hukutwa na uvimbe kwenye ovari. Mgonjwa huanza kwa kubadilika tabia, kutolala, kuona na kusikia visivyokuwepo, kisha hufuata degedege, kukakamaa na miondoko ya ajabu ya mdomo na mikono. Ina matibabu, na wengi hupona vizuri, lakini uponaji huchukua miezi, na baadhi yao hubaki kwa muda na ugumu ule ule wa kukisia hisia za wengine hata baada ya kumbukumbu kurudi.

Tunaitaja hapa kwa sababu msichana wa namna hiyo huku kwetu, wa kwanza kuitwa ni fundi wa pepo. Hatubishani na anayemsomea mgonjwa dua. Asomewe, lakini asomewe akiwa kitandani hospitali.

Na nje ya nchi pia huanzia pasipo pake: wengi wa wagonjwa hawa hupelekwa kwanza kwa madaktari wa magonjwa ya akili kabla ya maradhi yao kujulikana. Kukosea si kwa mtu wa kijijini peke yake.

Tulivyofanya baada ya hapo

Daktari alitueleza kuwa seli zilizokufa hazitarudi, ila njia zilizobaki zinaweza kufunzwa. Basi tukakaa sisi walimu, tukaifuta ile barua, na mmoja wetu akaenda nyumbani kwa wazazi kuomba radhi. Kijana mwenyewe tulimwomba radhi mbele ya darasa lile lile tulilomsimamisha, kwa kuwa aibu aliipata pale.

Kisha tukaanza kusema kwa mdomo yale tuliyozoea kuyasema kwa uso. "Nimekasirika kwa sababu hukuleta kitabu." "Mwenzako ana huzuni, amefiwa na bibi yake, mpe pole." Mwanzoni lilitupa taabu kubwa, maana mwalimu anayetangaza hasira zake anajisikia mpumbavu, na wengine wetu tulikuwa tumetegemea jicho tu kwa miaka 20. Lakini lilisaidia. Tukamfundisha pia kutazama macho ya mtu kwanza, na hapa tulipata mgongano ambao vitabu vya Marekani havikuutaja: kwetu mtoto mwenye heshima humwinamia mkubwa, hamkodolei. Tulikubaliana na wazazi kuwa yeye ana ruhusa, na tukawaambia walimu wote.

Wenziwe walikuwa wepesi kuliko sisi. Walipoelezwa tu, walianza kumnong'oneza: "huyo kanuna", "huyo anatania". Mmoja wao alijizoeza kumsimulia yaliyotokea kabla ya kumpeleka kwa mtu: fulani kaibiwa baiskeli, twende tukamwone. Kijana akifika hujua la kusema. Hatukuwafundisha hivyo, na hakuna kati yao aliyewahi kusikia habari za B.

Hajawa kama zamani. Nyuso za hofu bado zinamshinda, na siku akiwa amechoka au hakulala vizuri hurudi nyuma kabisa. Sauti anaielewa zaidi ya uso. Mama yake anasema sasa akilia, mwanawe humwuliza: "Mama, unalia?" naye humjibu ndiyo, na kijana huja akakaa karibu naye.

Darasani ana swali lake ambalo limekuwa maarufu. Mwalimu akinyamaza ghafla, yeye hunyoosha mkono: "Ustadh, hapo umekasirika au unatafakari?" Siku ya kwanza darasa zima liliangua kicheko. Tukamjibu kuwa tumekasirika, maana ubao haujafutwa tangu jana. Akainuka akaenda kuufuta.